Usilivunje Kontena Kabla Hujaliuliza

Wanangu mnaojifunza kompyuta hapa Tandala, na ninyi mliokwisha kushuka Makambako na Njombe mjini kutafuta wateja, kuna tabia moja nimeiona kwenu na inanihuzunisha. Kijana amepewa kazi ya kutengeneza tovuti ya muuza mbao au ya shule. Anaiweka WordPress ndani ya kontena la Docker, anaandika amri, skrini inamjibu kwa kosa. Halisomi. Anafuta kila kitu na kuanza upya. Kosa linarudi lilelile, anafuta tena. Jioni bando limekwisha, mteja anapiga simu, na kijana hawezi hata kueleza mashine ilikuwa inalalamikia nini.

Nchi yetu imewahi kupita njia hiyo. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha katikati ya miaka ya 1960. Hesabu za serikali zilipovurugika, mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku, ikawa mpaka upate ruhusa maalumu. Waliotoa amri hiyo walikuwa na hofu ya kweli kuhusu fedha za umma, siwalaumu kwa hofu yao. Lakini kuondoa mashine hakukumfundisha mtu yeyote kwa nini hesabu zilivurugika. Ujuzi wa kutafuta chanzo cha tatizo hupatikana kwa kukaa na tatizo lenyewe, na ninyi mna nafasi ambayo vijana wa wakati ule hawakuwa nayo.

Basi tukae nalo. Mnayajua makontena ya chuma yaliyogeuzwa maduka kando ya barabara. Aliye ndani ya moja akisema "humu", hasemi habari za duka la jirani. Kontena la Docker ni hivyohivyo, na makosa mengi mnayoniletea yanaanzia hapo. Umeweka WordPress katika kontena moja na MySQL katika jingine, kisha ukaandika kwamba hifadhidata iko localhost. Kwa WordPress, localhost ni humohumo ndani ya kontena lake, na humo hakuna MySQL. Itakwambia imeshindwa kuunganishwa na hifadhidata, na itakuwa imesema kweli. Andika jina la huduma ulilolitaja kwenye faili la Compose, lile linaloorodhesha makontena yako. Kama uliiita db, andika db. Makontena yaliyo kwenye mtandao mmoja wa Compose huitana kwa majina hayo.

Jina likiwa sahihi na kosa likabaki, tazama muda. MySQL ikiwashwa mara ya kwanza haifungui mlango papo hapo. Kwanza inawasha seva ya muda isiyopokea wageni wa mtandao, inatengeneza hifadhidata na watumiaji, inaizima, kisha inawasha seva ya kweli. Isomeni logi yake kwa amri ya docker logs: mtaona taarifa ya kuwa tayari kupokea wageni ikija mara mbili, ya kwanza ikiwa na namba ya mlango 0, ya pili 3306. Ni hiyo ya pili mnayoingoja. Kuandika depends_on peke yake kunapanga nani aanze kwanza, hakumlazimishi wa pili angoje mpaka wa kwanza awe tayari. Ongezeni kipimo cha afya cha hifadhidata na muiagize depends_on ikingoje, au subirini kidogo mrudie amri. Nimeona kijana akifuta mfumo ambao ulikuwa umebakiza sekunde chache tu uamke.

Halafu kuna nywila, na hapa wengi wanaona kama wamerogwa. Unabadilisha nywila kwenye faili la Compose, unawasha upya, MySQL inaikataa. Sababu ni kwamba imeji rasmi ya MySQL, yaani kifurushi ambacho kontena huundwa kutokana nacho, inazisoma nywila hizo mara moja tu, siku inapokuta hifadhi yake, yaani volyumu, ikiwa tupu. Hifadhi ikishakuwa na data, ulichoandika baadaye hakiangaliwi. Kama data hiyo ina thamani, ingia kwa nywila ya zamani na uibadilishe ndani ya MySQL yenyewe.

Sasa njoo kwenye WP-CLI, kile chombo cha kuiendesha WordPress kwa amri za kuandika. Imeji rasmi ya WordPress haina chombo hicho. Kipo katika imeji ya pembeni. Kwa hiyo unawasha kontena la tatu, na hilo nalo halijui lolote mpaka uliambie. Lazima lishiriki volyumu ileile yenye mafaili ya tovuti, liwe kwenye mtandao uleule, na lipewe vigezo vilevile vya mazingira. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Faili la wp-config linalotengenezwa na imeji rasmi halibebi jina la hifadhidata wala nywila, linavisoma kutoka kwenye mazingira kila mara. Kontena la WP-CLI lisipopewa vigezo hivyo, litatumia vya asili na kwenda kuitafuta seva inayoitwa mysql. Ukiona kosa linataja jina ambalo hukuliandika popote, usidhani mashine imechanganyikiwa. Imekuonyesha kwamba maelezo yako hayakufika.

Ukivuka hapo, huenda ukakutana na kosa la ruhusa: WP-CLI inashindwa kuandika faili, au inaandika kisha tovuti yenyewe inashindwa kuligusa. Hapa nawaomba mtulie, maana ndipo wengi huishia kufungua ruhusa zote kwa 777 na kumwachia mteja nyumba isiyo na kufuli. Linux haimtambui mwenye faili kwa jina, inamtambua kwa namba. Imeji ya kawaida ya WordPress imejengwa juu ya Debian, na humo mtumiaji www-data ni namba 33. Imeji ya WP-CLI imejengwa juu ya Alpine, na humo www-data ni namba 82. Jina ni moja, watu ni wawili. Faili la 33 halimtambui 82, hata kama wote wanaitwa www-data. Dawa ni kuiendesha WP-CLI kama mtumiaji 33:33, na unaiandika kwa neno user kwenye faili la Compose. Orodhesheni mafaili kwa ls -ln, ile n inaonyesha namba badala ya majina, na mambo yatakuwa wazi mbele ya macho yenu. Na WP-CLI ikikataa kuendeshwa na root, yule mtumiaji mwenye mamlaka yote, msikimbilie kuilazimisha. Imekataa kwa sababu programu-jalizi yoyote mbovu ingepata nguvu zote za root.

Kontena likizima lenyewe, angalieni namba liliyoondoka nayo kwa docker ps -a. 127 ni amri haikupatikana. 126 ni amri ipo lakini haiendesheki. 137 ni programu imeuawa kwa nguvu, mara nyingi kwa kuishiwa memori, jambo la kawaida kwenye kompyuta ndogo tunazotumia huku. Kuna na lile la hati iliyoandikwa kwenye Windows: kontena linasema faili halipo, nawe unaliona. Windows huweka alama mbili mwisho wa mstari, Linux moja, na ile ya ziada isiyoonekana hugandamana na jina la programu inayotakiwa kuisoma hati. Hifadhini hati upya kwa miisho ya Linux.

Katika yote haya badilisheni kitu kimoja, mjaribu, mwandike kwenye daftari mlichobadilisha. Ukigusa vitu vinne na mfumo ukaamka, hujui ni kipi kilichouamsha, na utakapokwama tena kwa mteja mwingine utaanza gizani. Mkija kuniuliza, njooni na maneno kamili ya kosa kuanzia mstari wa kwanza. Mstari wa mwisho mara nyingi ni matokeo. Chanzo kiko juu zaidi.

Kuhusu bando, nasema kama mkazi wa milimani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikayumba Tanzania nzima. Siku hiyo anayefuta imeji ili aipakue upya angefanya nini? Mkishapakua imeji zenu, zihifadhini kwa docker save kwenye flashi au diski ya nje, na mzirudishe kwa docker load. Flashi moja ikizunguka kwa vijana watano, wanne wameokoa fedha zao. Tena andikeni toleo kamili la imeji kwenye faili la Compose, msiachie neno latest, maana mtakachopakua mwakani hakitakuwa mlichopakua leo.

Mwisho, jueni tofauti ya kusimamisha na kufuta. Kusimamisha kontena hakupotezi kitu, hata umeme ukikatika katikati ya kazi MySQL kwa kawaida hujirekebisha inapoamka. Kuliondoa kontena kunapoteza yaliyokuwa ndani yake, isipokuwa yaliyo kwenye volyumu. Lakini docker compose down ikiongezewa -v inaondoa na volyumu zilizotajwa kwenye faili hilo: makala, picha, oda za wateja. Herufi moja. Kabla hujaiandika, toa nakala ya hifadhidata kwa wp db export, iweke nje ya kontena, ifungue uione kwamba ina maandishi ndani yake, kisha nakili na folda ya wp-content, kwa sababu picha za mteja ziko humo na hazimo kwenye hifadhidata.