Ushahidi wa Mchoraji Aliyekuja na Jeshi

Huulizwa: mtu aliyeingia nchi ya watu kwa silaha, kisha akawachora wenyeji na mavazi yao, je, ushahidi wake ni wa kukubaliwa? Wako wanaozisadiki picha zake kwa kuwa ni nzuri, na wako wanaozitupa kwa kuwa mchoraji alikuwa adui. Kwa rai yetu, wote hao hawakufanya insafu.

Na tutazame habari ya Afghanistan. Waingereza waliivamia nchi hiyo mwaka 1839. Katika jeshi lao alikuwamo ofisa mmoja, James Rattray, ambaye michoro yake ilipigwa chapa London mwaka 1847. Humo mwaonekana vilemba vya kila namna, majoho marefu, na wanawake waliojifunika toka utosini hata miguuni. Lakini imo pia taswira ya mabibi wa Kabul wakiwa ndani, nyuso wazi. Mwenye akili atauliza: askari mgeni alifunguliwa mlango gani hata akayaona hayo? Picha haijibu.

Emily Eden naye alikuwa umbu la Lord Auckland, Gavana Mkuu wa Bara Hindi aliyeamrisha vita vile. Alimchora Amiri Dost Mohammad Khan pamoja na jamaa zake mwaka 1841. Kilemba ni chake Amiri, na joho ni lake. Lakini wakati huo alikuwa mateka, na mchoraji ni ndugu wa yule aliyemwondoa katika ufalme. Picha ilipotoka London mwaka 1844, Amiri alikwisha rejea Kabul na kushika tena utawala, ilhali watazamaji walikuwa wakimwona vile vile alivyokuwa siku ya unyonge wake. Nguo huonekana na kila mwenye macho. Ridhaa ya mwenye kuivaa haionekani.

Je, basi tuzichome picha hizi? La. Mwezi wa Oktoba 1842 jeshi la Waingereza lilibomoa soko kuu la Kabul kwa kulipiza kisasi. Tabibu wa jeshi lilo hilo, James Atkinson, alikuwa amekwisha kuchora njia kuu ya soko la mji huo, watu wakiuza na kununua matunda. Mwafghani atakaye kujua babu zake walivaaje na walikaaje sokoni, atapata faida katika mkono wa mgeni. Kuukataa ushahidi huo ni kumdhulumu yeye mara ya pili.

Lililo haki ni kupambanua. Katika mambo ya kitambaa, mshono na rangi, tumsikilize mchoraji. Katika tabia za watu, ushujaa wao au ukali wao, na yaliyomo majumbani mwao, tusimwachie neno la mwisho, kwani aliyechorwa hakuulizwa. Na kila atazamaye sura ya mtu aliyeshindwa ana deni juu yake: kuuliza ni nani aliyeshika kalamu, na nani aliyekuwa amesimama mlangoni na bunduki.