Nguo ya Matanga

Sankofa iko kila mahali Nairobi siku hizi: yule ndege aliyegeuza shingo kuangalia nyuma. Utamwona kwenye herini, kwenye fulana, kwenye mkono wa kinyozi wako. Ukiuliza maana utaambiwa, "rudi uchukue ulichosahau." Sawa. Lakini ni wachache wanaojua kwamba alama hii hupigwa kwenye kitambaa, na kwamba kitambaa chenyewe kilikuwa hasa cha matanga.

Kinaitwa adinkra. Ni cha Waakan wa Ghana, na Ntonso, karibu na Kumasi, ndipo panapojulikana sana kwa kazi hii. Mafundi huloweka magome ya mti uitwao badie, huyatwanga, kisha huyachemsha kwa saa nyingi mpaka maji yawe mazito na meusi kama lami. Mihuri huchongwa kwenye vipande vya kibuyu. Pamba hutandikwa, hugawanywa kwa mistari ya kitana cha mbao, halafu fundi anagonga: wino, kitambaa, wino, kitambaa. Rangi za msiba ni nyekundu iliyokolea na kahawia nzito inayokaribia weusi. Na wino huo haushiki vizuri, kwa hivyo nguo ya asili haifuliwi. Hapo ndipo mimi hukwama kila mara. Nguo ambayo ukiifua, inanyamaza!

Sasa, mtu asiye na msiba akivaa alama za matanga ya wenzake, amekosa?

Mtandaoni jibu ni moja: huo ni wizi. Mimi sikubali haraka hivyo. Waakan wenyewe hawakuwaachia wafu nguo hii. Kuna adinkra za rangi za kung'aa, za Jumapili na sherehe, na alama ya Gye Nyame imepigwa hadi kwenye viti vya plastiki. Tena kuna simulizi kwamba jina lilitoka kwa Adinkra, mfalme wa Gyaman, aliyeshindwa vitani na Waasante mnamo 1818, wakabeba na nguo yake. Tarehe zinaisumbua hadithi hiyo, maana Mwingereza Thomas Bowdich alipata kitambaa cha namna hii Kumasi mwaka wa 1817, na mpaka leo kiko British Museum. Lakini angalia vile watu walivyochagua kusimulia: nguo yetu tuliitoa kwa mtu tuliyemshinda. Usafi wa asili tunaoulilia hawakuudai.

Sheria nayo ina jibu lake. Sheria ya hakimiliki ya Ghana ya 2005 inaweka sanaa za jadi mikononi mwa rais, kwa niaba ya wananchi. Hiyo inasaidia kujua nani aombwe ruhusa. Haisemi chochote kuhusu huzuni.

Rafiki yangu alifiwa na mamake, akataka kuchorwa tatuu ya Owuo Atwedee, ngazi ya kifo, ile alama inayosema kila mmoja wetu ataipanda. Yeye ni Mkamba wa Machakos. Watu wakamwambia hiyo si yako. Akawauliza, "Kwani kifo ni cha nani?" Mimi naona alikuwa karibu na kile kitambaa kuliko wengi wetu wenye fulana za Sankofa, kwa sababu alama ilikuwa inasema jambo alilotaka kusema.

Watu wa Pwani wanalielewa hili bila mhadhara. Leso ina jina. Ukijifunga bila kusoma, leso bado inasema, na mama mkwe anasoma vizuri sana. Kutojua hakukufanyi uwe kimya. Kwa hivyo ninachodai si damu wala cheti cha ukoo. Nadai ujue unasema nini, na kama unanunua, angalau ujiulize kama kuna shilingi inayofika kwa yule anayechemsha magome. Kwa fulana nyingi za hapa tao, jibu unalijua.

Kitu kimoja bado kinanisumbua kuhusu ile tatuu, nacho si mambo ya ruhusa. Nguo ya matanga huvaliwa, halafu siku moja hukunjwa na kuwekwa. Wino wake hufifia. Rafiki yangu alichorwa mwaka juzi, na ngazi yake bado ni nyeusi ti.