Ramadhani, Siku ya 19: Tumbawe Jeupe Halijafa



Alhamdulillah, tumeifikia siku ya 19. Leo tuzungumze kuhusu kiumbe wa baharini. Najua mtauliza: sisi watu wa Katesh, Basotu, Haydom na Mbulu, na bahari wapi na wapi? Subirini kidogo, tutafika.

Katika Surat Ar-Rahman, Mwenyezi Mungu anataja lulu na marijani kuwa vinatoka baharini. Wako wafasiri waliosema marijani ni lulu ndogo ndogo, na wako waliosema ni yale matumbawe mekundu yanayotengenezewa mapambo. Matumbawe ukiyaona unadhani ni mawe. Kumbe ni wanyama wadogo wengi walioshikamana, kila mmoja ana mdomo wake na vijikono vyake, na lile jiwe ni nyumba waliyoijenga wenyewe. Ndani ya miili yao Mola kaweka mwani mdogo sana usioonekana kwa macho. Mwani unapata hifadhi, na tumbawe linapata kutoka kwa mwani sehemu kubwa ya chakula chake na rangi yake. Subhanallah.

Sasa wapo watu, sana sana nchi za nje, wanaofuga matumbawe sebuleni, ndani ya tangi la kioo lenye maji ya chumvi na taa juu yake. Tumbawe likikosa raha halilii wala halilalamiki. Linajikunja, vijikono havitoki, rangi inafifia. Asiyekuwa na jicho anapita tu, anasema tangi langu zuri.

Hebu tuangalie wafugaji wazoefu wanafanya nini hapo.

*La kwanza, hawakurupuki.* Mgeni wa kazi hii akiona tumbawe limejikunja, leo analihamishia kona hii, kesho kona ile, anaongeza taa, anamwaga dawa, anabadili maji yote. Anafikiri anasaidia, kumbe anazidi kulichosha. Mzoefu anapima kwanza. Joto liko wapi? Liwe kwenye nyuzi 24 hadi 26 hivi. Chumvi je? Iwe kama gramu 35 katika kila lita. Akikuta kasoro anairekebisha kidogo kidogo, kwa siku kadhaa, kwa sababu badiliko la ghafla nalo linadhuru, hata likiwa la kheri.

*La pili, anaongeza maji matamu kila siku.* Hapa watu wa Hanang hamhitaji kufundishwa. Mmeiona Balangida wakati wa kiangazi: jua linachukua maji, chumvi inabaki chini, nyeupe. Tangi nalo ni hivyo hivyo. Maji yanapungua, chumvi haiendi popote, na yale yaliyobaki yanazidi ukali. Kwa hiyo anayejazia hajazii maji ya chumvi. Anajazia matamu, kiasi kile kilichopungua. Kikombe leo, kikombe kesho. Akisahau wiki mbili halafu akaja na ndoo nzima kwa mkupuo, anaweza kuliumiza kuliko mwanzo.

*La tatu, akiona weupe hakati tamaa.* Maji yakizidi joto kwa muda, tumbawe linautoa ule mwani wake na kubaki jeupe kama mfupa. Mtu anasema basi, limekufa. Halijafa. Lina njaa. Hali ikitulia mapema, mwani unarudi, na rangi inarudi. Hali isipotulia, ndipo linakufa kweli. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kubwa, na matumbawe ya Mafia, Unguja na sehemu kubwa ya pwani ya Afrika Mashariki yalipauka. Mengi yalikufa. Lakini mengine, ambayo nayo yalikuwa meupe vile vile, yalipona.

Ndugu yangu unayesoma, kati ya weupe na kifo kuna muda. Somo la leo liko ndani ya muda huo.

Hakuna jamaa isiyokuwa na mtu aliyepauka. Alikuwa safu ya kwanza, sasa humuoni hata Ijumaa. Alikuwa na utani, sasa anajibu salamu kwa kichwa. Mama aliyekuwa akipika futari ya majirani mwaka juzi, mwaka huu mlango wake umefungwa mapema. Tunasema nini? "Yule keshapotea." "Yule imani imemtoka." Nani kakwambia? Huenda ana njaa tu. Njaa ya kusemeshwa, njaa ya kuulizwa, na pengine njaa ya chakula kweli kweli.

Tena sisi wa hapa tuna jambo letu. Desemba 3, 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang, na zaidi ya watu 80 wakafariki. Mwenyezi Mungu awarehemu. Misaada ilikuja kutoka kila pembe ya nchi, na Mungu awalipe waliotoa. Ile ilikuwa ndoo, na siku ile ndoo ilihitajika. Lakini aliyezika mke na watoto bado yuko nasi. Nyumba unaweza kumjengea ikaisha. Huzuni haina siku ya kukabidhiwa funguo. Swali ni hili: kikombe cha leo anacho nani?

Mtazame Mtume wetu (s.a.w.). Kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akifagia msikiti. Siku moja Mtume hakumuona, akauliza yuko wapi. Wakamwambia amefariki. Hawakuwa wamempa habari, kana kwamba waliona ni jambo dogo. Mtume akataka aoneshwe kaburi lake, akaenda akamsalia. Angalia: mwenye mambo ya umma mzima mabegani ndiye aliyegundua kwamba mfagiaji hayupo. Na wewe, msikiti wako una safu ngapi? Nani hayupo?

Mtume huyo huyo ametufundisha kwamba amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo. Basi ukimwendea ndugu yako aliyepauka, mwendee kama mfugaji mzoefu.

Usikurupuke. Usianze na mawaidha ya saa nzima mlangoni, huku umekuja na watu wanne. Mtu aliyekaa gizani miezi ukimwashia taa kali anafumba macho. Kaa, sikiliza, pima. Huenda tatizo ni deni, huenda ni ugonjwa, huenda kuna mtu alimdhalilisha hapo hapo msikitini kwetu.

Usimwongezee chumvi. "Na wewe umezidi", "wenzako mbona wamevumilia", hayo anayo tayari, yamemjaa. Mpelekee matamu: salamu, kikombe cha uji, kumshikia ng'ombe siku ya josho, kumpeleka mtoto wake madrasa.

Na usiache. Usiende siku moja ya Ramadhani ukapiga picha, halafu Shawwal ikaingia humjui. Afadhali dakika tano kila wiki hadi Ramadhani ijayo.

Na kama aliyepauka ni wewe unayesoma hapa, umefunga lakini moyo hauhisi kitu, unasimama tarawehe umekauka, basi nakwambia na wewe: weupe si kifo. Usijihukumu. Rudi kidogo kidogo. Rakaa mbili, ukurasa mmoja, astaghfirullah njiani. Na umwambie mtu mmoja unayemuamini, maana watu hawaoni kila kitu.

*Kazi ya leo:* kabla ya maghrib, taja moyoni jina la mtu mmoja ambaye hujamuona msikitini mwezi mzima. Mpigie, au pita kwake. Usimuulize kwa nini haji. Muulize hali yake tu, umsikilize hadi amalize. Ijumaa ijayo rudi tena.

Ewe Mola, zihuishe nyoyo zetu zilizopauka, waponye wagonjwa wetu, wape subira waliofiwa Katesh na kwingineko, na usitufanye watu wa kupita bila kuona. Zipokee funga zetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Mtumie mwenzako, naye apate thawabu. Kesho in shaa Allah tutaendelea baada ya alfajiri.