Taji Moja kwa Miaka Mingi

Timu ya wanawake ya mpira wa miguu ya Chuo Kikuu cha Florida, huko Marekani, ilipoanza mwaka 1995, mwalimu wake wa kwanza alikuwa Becky Burleigh. Mwaka 1998 wasichana wake waliwashinda mabingwa wa North Carolina kwa bao 1 kwa 0, wakatwaa taji la vyuo. Taji lile hawakulipata tena. Walakini yeye hakuiacha kazi hata ulipofika mwaka 2021. Nanyi walimu, labda zamani darasa la ubatizo lilijaa, na leo wamo 3 tu. Je, mtaliacha? Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba mkuzaji ni Mungu. Basi, kesho pigeni kengele.