Kubahatisha kwa Fedha ya Mwingine

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hawakusema kubahatisha si kosa. Hebu, ndugu msomaji, tulitazame jambo hili katika gereji, mahali ambapo wengi wetu hulipa bila kujua tunacholipia.

Gari likiwa limesimama, injini yake huunguruma vizuri. Dereva akikanyaga mafuta ili apande mlima au alipite lori, gari husita na kushtuka-shtuka, injini ikimisi. Fundi hodari anajua sababu. Injini inapobeba mzigo, mgandamizo ndani ya silinda huongezeka, na cheche huhitaji umeme wenye nguvu zaidi ili iruke mwanya wa plagi. Koili iliyochoka hushindwa hapo. Lakini wakati huo huo petroli nayo huhitajika kwa wingi. Kwa hiyo chujio lililoziba au pampu dhaifu huweza kuleta dalili zinazofanana na hizo.

Njia ya kupambanua ipo. Kwa injini yenye koili kwa kila silinda, koili ya silinda namba 1 hubadilishana nafasi na ile ya namba 3. Kasoro ikihama nayo, mkosaji amepatikana. Isipohama, koili haina hatia. Hakuna kipuri kilichonunuliwa. Hata kompyuta ikionyesha P0301, inasema tu kwamba silinda namba 1 inamisi. Haisemi kwa nini.

Sasa yuko fundi asiyepima. Leo huagiza plagi, kesho koili, keshokutwa pampu. Mwishowe gari hupona, na mwenye gari hushukuru. Je, fundi huyo ametenda haki? Wapo watakaosema: gari si limepona? Wanasahau kwamba vipuri vilivyotupwa huenda vilikuwa vizima, na kwamba mara tatu mwenye gari aliambiwa "tatizo ni hili" na mtu asiyejua.

Simlaumu fundi kwa kutojua. Zipo kasoro zinazojificha, zikaonekana tu injini ikishapata joto. Hapo hata mjuzi hukisia. Lakini kukisia kuna adabu yake. Na aseme: "Mzee, sina hakika. Tukianza na koili huenda tukapata, huenda tusipate." Hapo mwenye gari hubahatisha kwa hiari yake. Asipoambiwa, anabahatishiwa.

Tofauti ya mafundi hao wawili haionekani barabarani, maana magari yote mawili yanatembea. Imo katika maneno yaliyotangulia malipo. Wala si mafundi wa magari peke yao. Daktari, mwalimu, wakili, hata mzazi, kila mmoja ana mtu anayemtegemea katika jambo asilolijua. Tusimnyime mtu huyo maneno mawili, "sina hakika", kwa kuogopa tu kuonekana wajinga.