Dua ya Stara

Mtu akianguka kifafa kwenye kichochoro cha Mkunazini, mjini Zanzibar, watu hukusanyika haraka, na kila mmoja ana lake. Mmoja anaitisha kijiko amtie mdomoni, jambo ambalo madaktari hawachoki kulikataza kwa sababu huvunja meno na halimwokoi mtu. Mwingine anamsomea Ayatul Kursi sikioni. Wa tatu keshatafuta gari ya kumpeleka hospitali ya Mnazi Mmoja. Ugomvi hautokei. Gari ikifika, yule msomaji husogea kidogo mgonjwa aingizwe, kisha naye hupanda kiti cha nyuma akaendelea kusoma.

Msomi wa mbali akiliona hilo hukuna kichwa. Hawa watu wanaamini ubongo au wanaamini majini? Wachague moja. Hospitali ya Mnazi Mmoja ina taasisi ya upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, iliyojengwa kwa juhudi za shirika la NED la José Piquer, daktari wa Valencia, Hispania. Hatua chache kutoka hapo, ndani ya Mji Mkongwe, mwalimu wa chuo cha Qur'ani anaandika aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani, anaziosha kwa maji na marashi, na mgonjwa anakunywa kombe. Mara nyingi mgonjwa ni yule yule, na wiki ni ile ile.

Anayedhani upande wa pili wa safari hiyo ni giza lisilo na mpangilio amesoma kidogo. Kjersti Larsen, mwanaanthropolojia wa Norway aliyetafiti mjini Zanzibar kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 2008 kitabu kizima juu ya mashetani ya mji huu. Yana makabila, lugha na dini. Wapo ruhani, Waarabu na Waislamu, wapenda usafi na harufu nzuri. Wapo kibuki wa Bukini, yaani Madagaska, Wakristo, wanaodai brandi. Wapo habeshia wa Ethiopia na rubamba wa Pemba. Mgonjwa huitwa kiti, na swali la fundi, yaani mganga, huwa: nani amepanda, na anataka nini? Masheikh wengi wa Unguja hulaani ngoma hizo na kuziita shirki, ingawa hawakatai kuwa majini yapo, wala hawakatai kisomo. Kwa hiyo hata huko kuna mabishano ya kitaalamu, yenye vitabu na walimu wake.

Upande wa mashine nao una siri yake. Hans Berger alikuwa kijana jeshini Ujerumani katika miaka ya 1890 alipoanguka kutoka kwenye farasi mbele ya gari la mzinga, akanusurika chupuchupu. Siku hiyo hiyo ikaja telegramu kutoka kwa baba yake: dada yake, aliyekuwa mbali kabisa, alikuwa ameshikwa na hofu ya ghafla kuwa kaka yake yumo hatarini. Berger hakuisahau telegramu ile maisha yake yote. Aliingia kwenye udaktari akitafuta nguvu inayoweza kubeba fikra kutoka kichwa kimoja hadi kingine, na mwaka 1924, mjini Jena, akafanikiwa kurekodi umeme wa ubongo wa binadamu. Alichapisha matokeo mwaka 1929. Nguvu aliyoitafuta hakuipata. Alichokipata ni kipimo ambacho leo hutumika dunia nzima kuchunguza kifafa, na ambacho watu hukitaja kila wanapotaka kuthibitisha kwamba hakuna jini. Kizaliwa cha imani ya mambo ya ghaibu kimegeuka shahidi dhidi ya ghaibu.

Lakini ni shahidi wa maneno machache. Kinachotokea wakati wa kifafa kinajulikana vizuri: kundi kubwa la seli za ubongo, ambazo kwa kawaida hupokezana kazi, hufyatuka zote kwa pamoja, na mwili ukafuata. Kipimo kikichukuliwa wakati huo huo huonyesha mchoro usio na shaka. Tatizo ni kwamba mgonjwa hufika maabara akiwa mzima, kati ya shambulio moja na jingine, na wengi wenye kifafa cha kweli hutoka na karatasi safi. Kisha wapo wengine, ambao kila daktari wa neva anawafahamu: wanaanguka, wanatetemeka, hawasikii, na waya zote kichwani zinaonyesha umeme wa kawaida. Hawaigizi. Shambulio ni la kweli ila halitoki kwenye umeme wa ubongo, na dawa za kifafa haziwafai. Mara nyingi huhusishwa na dhiki au jeraha la nafsi, na tiba yake ni mazungumzo ya muda mrefu.

Mtu aliyesoma vitabu vya dini hapa hutabasamu. Ibn al-Qayyim wa Damascus, aliyefariki mwaka 1350, aliandika kwamba kuanguka ni kwa aina mbili: kwa roho mbaya, na kwa uharibifu wa vimiminika vya mwili, na hii ya pili ndiyo madaktari wanayoizungumzia. Kabla yake Ibn Sina alikwisha kuuweka ugonjwa huu miongoni mwa magonjwa ya ubongo katika kitabu chake cha tiba, na kabla ya Ibn Sina tabibu wa Kigiriki wa shule ya Hippocrates alikwisha kuwacheka waliouita mtakatifu. Aina mbili za Ibn al-Qayyim si aina mbili za madaktari wa leo, na anayesema kuwa sayansi imemthibitisha anaruka hatua. Ila jambo moja ni lile lile: wote waliokaa karibu na wagonjwa waligundua kuwa mwanguko mmoja unaweza kuwa na asili zaidi ya moja.

Utafiti wa Afrika Mashariki umeongeza asili nyingine ambazo hazikuwa kwenye vitabu vya Damascus. Mwaka 2013 ulichapishwa uchunguzi mkubwa uliopita nyumba kwa nyumba katika sehemu tano za Afrika, zikiwemo Kilifi, Ifakara na Iganga, na kuhoji zaidi ya watu nusu milioni. Waliokuwa na kifafa walikutwa mara kwa mara na historia ya matatizo wakati wa kuzaliwa, majeraha ya kichwa, na vimelea mwilini. Huko Kilifi watafiti walikwisha kuishi miaka mingi na degedege, ambayo pwani nzima huambiwa inaletwa na ndege wa usiku apitaye juu ya nyumba yenye mtoto. Madaktari waliikuta malaria iliyopanda kichwani, na baadhi ya watoto walionusurika walibaki na kifafa. Unguja imeisukuma malaria hadi chini ya mtu mmoja katika kila mia, kwa dawa mseto na vyandarua. Kila mtoto asiyeumwa malaria ni kifafa ambacho huenda kimezuiwa, na hakuna kipimo cha kumwonyesha mama yake kitu ambacho hakikutokea.

Je, baada ya yote hayo, Mungu kabakishiwa nafasi gani? Wengi hudhani kila sababu inayopatikana maabara inakata kipande cha imani. Hoja hiyo ni kongwe kuliko inavyoonekana. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alishaichambua kwa mfano wa pamba na moto: tunaona pamba inaungua inapogusana na moto, lakini macho hayaoni ulazima unaoviunganisha, kinachoonekana ni viwili kufuatana tu, na mwenye kutenda ni Mwenyezi Mungu. Mtu anaweza kuikataa falsafa hiyo, na wapo waliomjibu kwa ukali, Ibn Rushd akiwa mmoja wao. Ila mwenye kuishika hatishwi na mchoro wa umeme. Ataupokea kama maelezo ya namna tu.

Upo mpaka mwingine ambao maabara yenyewe iliugonga. Huko Montreal, Wilder Penfield aliwapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, ili ajue pa kukata na pa kuacha. Alipougusa ubongo kwa umeme mdogo, mkono wa mgonjwa ulinyanyuka. Alipoulizwa, mgonjwa alisema hakuunyanyua yeye, daktari ndiye. Penfield alitafuta mahali pa kugusa ambapo mgonjwa angesema "nimetaka mwenyewe", na katika kitabu cha uzeeni, mwaka 1975, akakiri kwamba hakupapata. Mwanamke wa Unguja aliyepandisha, akizinduka, husema maneno hayo hayo: sikuwa mimi.

Fiqhi haikungoja jibu la "alikuwa nani basi". Mafunzo yanajulikana hata kwa mtoto wa chuo: kalamu imeondolewa kwa aliyelala, kwa mtoto, na kwa mwenye wazimu mpaka arejewe na akili. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Zanzibar, akili ikitoweka udhu unavunjika, na aliyezinduka ni sunna aoge. Haiulizwi kama kilichomwangusha ni ruhani, malaria ya utotoni au pigo la kichwa. Linaloulizwa ni moja tu, kama akili ilikuwepo.

Ukimya huo juu ya chanzo unastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu mabishano ya leo yamejengwa juu ya dhana kwamba chanzo ndicho kila kitu. Kampeni za afya husema: waelezeni watu kuwa ni ubongo, na aibu itaondoka. Ushahidi hauko wazi hivyo. Ni kweli kwamba Mahenge, huko bara, ambako daktari Louise Jilek-Aall alifungua kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, imani iliwaumiza wagonjwa vibaya. Watu waliogopa mate yao. Aliyeangukia motoni aliachwa aungue, na wengi waliishi mbali na jamaa zao.

Hapa Unguja hadithi ilikwenda vingine. Juli McGruder, Mmarekani aliyekaa na familia tatu za Kizanzibari zenye wagonjwa wa akili na kuandika tasnifu yake mwaka 1999, aliona kwamba imani ya majini ilikuwa ikiwashika wagonjwa ndani ya nyumba. Jini huja na kuondoka. Likiondoka, mtu anarudi kuwa binti, mke, shangazi, na anapewa kazi zake za jikoni kama kawaida. Ugonjwa ulikuwa mgeni. Haukuwa sura yake. Na mwaka 1997 Sheila Mehta na Amerigo Farina walichapisha jaribio la Marekani lililofadhaisha wengi: watu walioambiwa kuwa mwenzao ana matatizo ya akili yaliyotokana na ugonjwa wa mwili walimwadhibu kwa umeme mkali zaidi kuliko walioambiwa yametokana na yaliyomsibu utotoni. Kumwambia mtu "ubongo wako ni mbovu" si lazima kumpunguzie mzigo.

Basi chanzo, kiwe jini au seli, hakileti heshima peke yake wala hakiiondoi peke yake. Ipo habari moja, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambayo wanaobishana huitaja upesi na kuiacha. Ibn Abbas alimwonyesha Ata bin Abi Rabah mwanamke mweusi aliyekuwa akianguka. Mwanamke huyo aliwahi kumwendea Mtume kumlalamikia kwamba huanguka na nguo zikamfunuka. Akapewa hiari: asubiri alipwe Pepo, au aombewe apone. Akachagua kusubiri, lakini akaomba jambo moja, aombewe asifunuke. Akaombewa.

Katika simulizi hiyo ya Bukhari hakuna aliyemuuliza nini kinamwangusha. Wafafanuzi wa karne za baadaye ndio walioshika mjadala wa majini na ubongo. Yeye mwenyewe alikuwa na shida nyingine, ambayo kila mwanamke wa Zanzibar aliyewahi kufungwa kanga haraka na jirani asiyemjua anaielewa bila tafsiri. Aliomba stara. Ni ombi sahihi mno la mgonjwa, na ni ajabu jinsi linavyokosekana kwenye fomu za utafiti, ambazo huhesabu mashambulizi kwa mwezi na vidonge kwa siku.

Wahandisi wa vifaa tiba wamelikaribia, pengine bila kukusudia. Kampuni ya Empatica, ambayo Rosalind Picard wa Marekani ni mmoja wa waanzilishi wake, ilitengeneza saa ya mkononi inayohisi mtikisiko na umeme wa ngozi, kisha ikaita kimya kimya simu ya ndugu. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha mwaka 2018. Haiponyi wala haizuii. Inachofanya ni kumleta mtu wa kwao kabla umati haujajaa, amgeuze ubavu na amfunike. Bei yake na haja ya simu janja vinaiweka mbali na mkulima wa Makunduchi, lakini wazo lenyewe halihitaji kiwanda.

Na dawa ipo. Fenobabito ilianza kutumika kwa kifafa mwaka 1912, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu saba katika kila kumi wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata tiba sahihi, ambayo kwa mwaka inaweza kugharimu dola tano tu. Kinachovuruga hesabu hiyo visiwani ni mambo kama Ramadhani. Mgonjwa anayemeza vidonge asubuhi, mchana na usiku huacha cha mchana ili afunge, na kukatiza dawa ghafla ni njia ya haraka ya kuanguka tena, pengine akiwa foleni ya futari Darajani. Fenobabito humezwa mara moja usiku na hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo hupita ndani ya saumu bila shida. Nyingine zinahitaji daktari apange upya saa za kumeza kati ya futari na daku, na zipo ambazo hazipangiki. Hapo ruhusa ya mgonjwa kutofunga iko wazi katika Qur'ani, na asiyetarajiwa kupona hulisha maskini kwa kila siku. Hilo linatakiwa lisemwe mwezi wa Shaabani, na daktari na sheikh wakiwa chumba kimoja, kwa sababu mgonjwa akiambiwa na mmoja tu atakwenda kumuuliza wa pili.