Dhambi ya Stoo Tupu

Mimi ni Mkatoliki na mtunza stoo ya dawa katika halmashauri mojawapo mkoani Kagera. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiagiza, kupokea na kugawa kondomu zilizonunuliwa kwa fedha za wafadhili. Wanajumuiya wenzangu huniuliza kama sishiriki dhambi ya anayekwenda kuzitumia. Ni swali la haki, na nataka nilijibu sawasawa.

Paroko wetu aliniuliza kwa upole, baada ya misa, tukiwa barazani kwake. "Mwanangu, zile katoni ukizisaini, dhamiri yako inatulia?"

"Baba, nikizisaini inatulia. Zisipofika ndipo ninapokosa usingizi."

Hakunikubalia wala hakunikatalia. Alinieleza habari za Mtakatifu Alfonso wa Liguori, mwanateolojia wa karne ya 18, ambaye alimtofautisha anayemsaidia mkosaji kwa kulitaka kosa lenyewe na yule anayefanya kazi isiyo mbaya, ambayo mwingine anaweza kuitumia vibaya. Wa kwanza ana hatia sawa na mkosaji. Wa pili hupimwa kwa uzito wa sababu yake.

Basi na tupime. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa hapa Kagera mwaka 1983. Watu waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Nyumba zilifungwa, migomba ikamezwa na magugu, bibi wakarudi kulea vichanga. Aliyekulia huku haelezwi uzito wa sababu.

Wala simdharau Papa Paulo VI. Waraka wake wa mwaka 1968, Humanae Vitae, ulizungumzia uzazi wakati UKIMWI haujajulikana. Mwaka 2001 maaskofu wa kusini mwa Afrika waliendelea kuikataa kondomu kama silaha ya kupambana na ugonjwa huu, lakini wakakiri kwamba mume na mke, mmoja akiwa ameambukizwa, wanaweza kuamua kwa dhamiri yao jinsi ya kujikinga. Askofu Kevin Dowling wa Rustenburg, jimbo la migodi, alitaka Kanisa liende mbali zaidi. Naye Papa Benedikto XVI, ambaye mwaka 2009 akiwa safarini kwenda Kamerun alisema kondomu haziwezi kulimaliza tatizo, mwaka uliofuata alikubali kuwa kwa baadhi ya watu kuzitumia kunaweza kuwa hatua ya kwanza ya kuwajibika.

Ninapoyasoma hayo humkumbuka mama mmoja wa visiwani. Wilaya ya Muleba ina visiwa vya wavuvi ndani ya Ziwa Victoria, kama Bumbire na Goziba, na huko mzigo hutegemea boti na hali ya ziwa. Tulifika zahanati moja ya kisiwani tukiwa na dawa lakini hatuna kondomu, kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa hatujaletewa. Boksi la mbao lililopigiliwa ukutani lilikuwa tupu, limebaki vumbi na karatasi ya maelekezo. Mama huyo alifunga ndoa kanisani. Mumewe alikuwa ndiyo kwanza ameanza dawa za kufubaza VVU, naye mama amepimwa hana maambukizi. Nesi alimweleza vizuri: mume akimeza dawa bila kuacha mpaka virusi visigundulike kwenye damu, hatamwambukiza, ila hilo huchukua miezi.

"Sasa dada, hiyo miezi niishije naye?"

Nesi akanigeukia mimi.

Tukiwa kwenye boti dereva wetu, Mwislamu asiyekosa swala, aliniambia, "Bwana stoo, kwetu zinaa ni haramu na itabaki haramu. Lakini kuhifadhi nafsi ni wajibu. Na yule mama hajazini."

Najua si kila kondomu inayotoka stoo kwangu inaingia kwenye nyumba ya ndoa. Nyingine zinakwenda gesti na kwenye kambi za wavuvi. Siwezi kudai cheti cha ndoa dirishani, na sioni Injili inaponiagiza nimwache mzinzi afe. Uaminifu uhubiriwe, nami nitakaa benchi la mbele kusikiliza. Lakini sala ya kuungama tunayosali kanisani inataja pia kutotimiza wajibu, na mtu wa ugavi huko ndiko anakojaribiwa. Fomu ya maombi isiyopelekwa kwa wakati ni jambo la dhamiri. Hata kununua chochote kilicho rahisi ni jambo la dhamiri: kiwango cha kimataifa cha ISO 4074 kinataka sampuli za kila toleo zipimwe kwa maji kama zinavuja, na zijazwe hewa kuona kama zinahimili angalau lita 18 kwa saizi ya kawaida. Kwa jirani zetu Uganda, mwaka 2004, serikali iliziondoa kondomu za bure za Engabu baada ya watu kulalamikia harufu yake, ukafuata uhaba mkubwa. Na zikishafika, katoni zisiguse sakafu wala kupigwa na jua, na zinazokaribia kuisha muda zitangulie kutoka. Mpira ukiharibika, aliyeuamini ndiye anayeumia, na hatajua kamwe jina la mtunza stoo.

Linalonitia uchungu ni kwamba dhamiri iliyoamua zaidi katika jambo hili si ya paroko wala yangu. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003 iliyoanzisha PEPFAR, mpango wao wa kufadhili mapambano dhidi ya UKIMWI, ilitaka theluthi ya fedha za kinga iende kwenye kuhimiza kusubiri hadi ndoa. Sharti hilo la theluthi lilikaa hadi 2008. Januari 2025 serikali mpya ya huko ilisimamisha misaada ya nje, na kibali cha dharura kilichofuata kiliruhusu dawa za wanaoishi na VVU na kinga kwa mama na mtoto, si kinga kwa wengine wote. Wamarekani wameokoa maisha ya watu wengi sana hapa, nami nawashukuru kwa moyo wote. Lakini anayelipa huchagua, na mama wa kisiwani hakuwa na mwakilishi Washington.

Tunao mfuko wetu wa taifa wa UKIMWI, ulioundwa kwa sheria mwaka 2015, na kila halmashauri ina mapato yake, yakiwemo ya samaki wanaovuliwa na wavuvi haohao. Waheshimiwa madiwani, bajeti ijayo ikifika mezani, wekeni fungu la kununua kinga kwa fedha zetu, hata likianza dogo. Nanyi mapadre na masheikh mkialikwa kwenye kikao hicho, njooni.